Charger Scat Pack: mbio inazo, lakini sokoni itakwenda?

Haya, leo tunalijibu. Ujumbe wenu wa sauti kuhusu Dodge Charger Scat Pack umejaa kwenye simu ya kipindi, na swali ni lile lile: "Kaka, ile 392 naweza kuiendesha kila siku, au ni gari ya Alhamisi usiku tu?" Mnaouliza wengi mko Mabela na Al Khoudh, kuna wa Dubai na Sharjah, na wachache wa Marekani.

Kwa hivyo niliazima moja kwa rafiki yangu wa kazini. Ya mwaka 2019, nyeusi, milango minne, imeshatembea kilomita 71,000. Nimekaa nayo siku saba: kazini Ruwi, nyumbani Al Khoudh, soko la samaki Seeb, hospitali, na Ijumaa Nizwa na kurudi.

Na niseme mapema, wiki hii nilikuwa na mteja wa kweli. Mtoto wa mama yangu mdogo ana miaka 26, kazi ameipata mwaka jana, na benki imeshamkubalia mkopo. Gari yenyewe kaiona, mfano huu huu, riyali 9,800. Mama mdogo kanipigia simu: "Wewe ndiye unayejua magari, mwambie asinunue." Nusu saa baadaye kapiga yeye: "Kaka, we mwambie mama inafaa." Nimewajibu wote wawili jambo moja. Nitaiendesha kwanza, halafu nitaandika nilichokiona.

Mjue kuwa baba yake ni marehemu. Gari atakayonunua ndiyo itakayompeleka mama yake hospitali na mdogo wake chuoni, Sultan Qaboos University. Hakuna gari ya pili pale nyumbani. Kwa hivyo swali la "kila siku" kwao ni swali zito.

NI GARI GANI HASA

Wamarekani walianza mchezo huu mapema: chukua gari ya ukubwa wa kati, itie injini ya gari kubwa, iuze kwa bei ambayo kijana anaweza kuikaribia. Wengi wanaihesabu Pontiac GTO ya 1964 kuwa ndiyo iliyofungua mlango. Ilikuwa na injini ya lita 6.4. Kisha mwaka 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikaacha kuiuzia Marekani, bei ikapanda, na bima na sheria za moshi zikamalizia. Gari za misuli zikalala kwa miaka mingi. Leo zinapiga raundi Muscat kwa petroli ya Ghuba. Historia nayo ina utani wake.

Scat Pack inafuata mapishi yale yale, na lita ni zile zile 6.4. Namba 392 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Jina HEMI linatokana na umbo la chumba cha kuchomea mafuta, ambacho kiasili kilikuwa kama nusu ya mpira. Silinda nane, nguvu za farasi 485, torki karibu 644, gia otomatiki nane, nguvu zote zinakwenda magurudumu ya nyuma. Chini ya bodi kuna mifupa iliyoanza zamani, wakati Chrysler na Mercedes walipokuwa nyumba moja, na baadhi ya vipande vya shokapu na mikono yake asili yake ni Mjerumani. Ndiyo maana kwenye barabara ndefu inatulia kuliko sura yake inavyokutisha.

Kiwanda cha Brampton, Canada, kiliacha kuzitengeneza Desemba 2023. Charger mpya ilikuja kwanza na umeme, halafu na injini ya silinda sita yenye turbo. Kwa hivyo hii ya V8 unainunua mkononi, na inabidi ujue unachokinunua.

MBIO

Tuanze na lililowaleta hapa. Ndiyo, inakwenda. Kutoka kusimama hadi 100 ni kama sekunde nne na nusu. Camry ya kawaida ya mwaka huo huo ina nguvu za farasi 203, na inahitaji karibu sekunde nane. Lakini namba hazisemi vizuri. Ukikanyaga mafuta unasikia mgongo umebandikwa kwenye kiti, halafu sauti inakuja kutoka nyuma kama lori limedondosha mawe. Nilicheka peke yangu, wallahi.

Kinachonipendeza zaidi ni nguvu za katikati. Uko 80 nyuma ya lori, njia ni wazi, unagusa tu na umeshapita. Hushikilii pumzi, huombi dua. Kwa safari za mbali hiyo ni faida ya kweli, na nisiikatae kwa sababu tu mama mdogo atasoma hapa.

Sasa upande wa pili. Muscat Expressway alama inasema 120, na radari hazilali. Gari hii inafika 120 kwa sekunde sita hivi. Maana yake unapata sekunde sita za raha, halafu kilomita thelathini za kujizuia. Na kujizuia ni kazi, kwa sababu katika 120 gari haijaamka hata kidogo. Injini inazunguka polepole, kelele hakuna, na ukiangalia tena unajikuta 145 bila kukusudia. Siku ya pili nikaanza kutumia kruzi hata kwa safari fupi.

Njoo tupige hesabu ya Nizwa. Kutoka kwangu ni kama kilomita 160. Kwa 120 ni dakika 80. Kwa 150 ni dakika 64. Umeokoa dakika 16, muda wa kunywa kahawa na vipande viwili vya halua. Umelipa nini? Nguvu ya kishindo haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mwendo mara mwendo wenyewe. Kutoka 120 hadi 150, kishindo kinazidi mara moja na nusu na ushei. Na gari yenyewe ina uzito wa karibu tani mbili. Breki zake za Brembo ni nzuri sana, nimezijaribu, lakini ngamia wa usiku hasomi jina lililoandikwa kwenye breki.

IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayolipiwa na kampuni za bima za Marekani, ilitoa takwimu mwaka 2023 za vifo vya madereva kwa magari ya modeli ya 2020. Juu ya orodha kulikuwa na magari madogo sana, na hilo linaeleweka, mwili mdogo hauhimili kishindo. Lakini pamoja nayo kulikuwa na Charger, Challenger, Camaro na Mustang. Hizi si ndogo. Charger ni gari kubwa na nzito. Kilichobaki ni namna zinavyoendeshwa.

Na mvua ya kwanza tafadhali. Miezi ya vumbi na oili juu ya lami, halafu matone mawili, barabara inakuwa sabuni. Gari ya magurudumu ya nyuma yenye farasi 485 siku hiyo iendeshe kama umebeba mayai. Mfumo wa kuzuia kuteleza usiuzime. Nyinyi wa Marekani mnaoishi kwenye theluji, mpango ni huo huo, pamoja na matairi ya baridi.

MAISHA YA KILA SIKU

Hapa ndipo iliponishangaza. Nilitegemea kuteseka na sikuteseka. Asubuhi kwenye zahma ya kwenda Ruwi inatambaa kama gari ya mzee. Gia inabadilika laini, eisi inapoza haraka, viti vinapuliza hewa baridi, jambo ambalo Julai si anasa. Ukienda taratibu kompyuta inazima silinda nne kati ya nane ili kuokoa mafuta, na husikii tofauti isipokuwa mngurumo mdogo.

Nyuma wanakaa watu wazima wawili kwa raha, wa tatu kwa kuvumilia. Miguu ina nafasi tele. Tatizo ni paa, limeteremka kwa nyuma, na mama yangu ilibidi ainamishe kichwa kuingia. Kizingiti cha mlango ni kipana, kwa hivyo mabuibui yote ya familia yamefuta vumbi la gari hiyo wiki nzima. Kiti cha mtoto kinafunga vizuri, ndoano zipo.

Buti ni lita 467 hivi. Niliingiza gunia la mchele la kilo 20, katoni ya tui la nazi, kasha la barafu lenye samaki wa Seeb, na begi la mpira. Nafasi ikabaki. Mdomo wa buti uko juu kidogo, ukinyanyua gunia utajua.

Sasa karaha zake. Bampa la mbele liko chini. Matuta ya mitaani kwetu nayajua kwa majina, na mawili yamenisalimia. Pale chini ya bampa mtaona vipande vya plastiki ya njano kwenye gari nyingi. Vile viliwekwa kiwandani kulinda gari wakati wa kusafirishwa tu, muuzaji alitakiwa avitoe. Watu wakaviacha, vikawa fasheni. Chini yake vumbi na mchanga vinanasa na kusugua rangi. Ukinunua yenye vile, vitoe uangalie kilichojificha.

Halafu kelele. Injini ikiwa baridi, ukiiwasha inapiga ukelele mmoja kabla haijatulia. Mimi hutoka kwenda mazoezini mara baada ya alfajiri. Siku ya tatu mzee jirani, anatoka msikitini na tasbihi yake, akanisimamisha: "Kijana, leo gari yako imemtangulia muadhini." Alicheka, lakini nilielewa. Siku ya nne nikaenda mazoezini kwa miguu.

Mama mdogo nilimpeleka hospitali mwenyewe kwa kliniki ya magoti. Nilitaka aijue gari aliyoikataa kabla hajaiona. Kiti cha mbele kiko chini, akashika mlango, akashuka taratibu, akasema uwii, akakaa. Njia nzima nilikwenda 100. Hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye duwari ya hospitali, halafu akasema: "Gari ni nzuri. Na uzuri wake ndio unaonitisha. Yeye akiwa peke yake usiku, hataiendesha hivi unavyoniendeshea mimi." Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Hicho hakipimwi kwa saa.

MAFUTA, JOTO NA MATAIRI

Serikali ya Marekani inaipima gari hii, ukigeuza kwa vipimo vyetu, karibu lita 15.7 kwa kila kilomita 100 mjini na 9.8 barabara kuu. Mimi kwa mchanganyiko wangu nimepata 15 kamili, na nilikuwa na adabu.

Jambo moja wengi wanalikosea. Kwenye kifuniko cha petroli imeandikwa 91, mtu anaingia kituoni anatia M91. Hapana. Namba ile ni kwa kipimo cha Kimarekani, ambacho ni tofauti na chetu. 91 yao ni kama 95 yetu. Tia M95. Ukitia ya chini injini itajilinda kwa kupunguza nguvu, na kwenye joto la Agosti unaichosha bure.

Joto lenyewe nalo lina hesabu yake. Hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kidogo. Ndugu yake Hellcat, yenye kompresa ya kusukuma hewa, inaumia zaidi ukiikanyaga mara kwa mara. Kwa hivyo namba za kwenye video zilizochukuliwa Michigan asubuhi ya baridi, usizitegemee Barka saa nane mchana.

Matairi ni ya inchi 20. Nilipita Ghala kuulizia, seti ya jina la maana ni zaidi ya mara mbili ya seti ya Camry. Ya mtumba usiguse. Tazama tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye jua letu tairi huzeeka hata likiwa na meno mazuri, na likipasuka kwenye 120 huna nafasi ya kujadiliana nalo.

HESABU YA NYUMBANI

Nilikaa na binamu yangu, kalamu na karatasi, chai ya maziwa katikati. Mshahara wake unaofika mkononi ni riyali 720.

Mkopo, baada ya kutanguliza 1,800, ni karibu 153 kwa mwezi kwa miaka mitano. Petroli, kwa kilomita 2,200 za kazini, chuoni na hospitali, ni lita 330. Kwa baisa 239 kwa lita, inakuja riyali 79. Bima kubwa aliyotajiwa ni 384 kwa mwaka, yaani 32 kwa mwezi. Matairi, oili na breki tukaweka akiba ya 35. Jumla riyali 299.

Zaidi ya asilimia 40 ya mshahara, na gari bado haijaharibika. Kutokana na 421 zinazobaki analipa umeme wa nyumba, na Muscat msimu wa joto umeme si mchezo, analipa na mahitaji ya mdogo wake. Aliangalia karatasi muda mrefu. Akasema, "Kaka, umeisahau harusi." Tukacheka sote, lakini hakuwa anatania.

Kwa kulinganisha, Camry kwa kilomita zile zile, lita 8.5 kwa 100, M91 kwa baisa 229, ni riyali 43 za petroli. Tofauti ya 36 kwa mwezi, zaidi ya 430 kwa mwaka. Hapo matairi hatujagusa.

KABLA YA KUTOA PESA

Kama bado unaitaka, na najua mpo, sikilizeni haya manne.

Kwanza, ujue ni ya wakala wa Ghuba au imeingizwa kutoka Marekani. Nyingi za bei poa ziliwahi kugongwa kule, kampuni ya bima ikaziandika hasara, zikaja huku kwa meli zikanyooshwa. Chukua namba ya chesisi uitafute Carfax au AutoCheck kabla hujapeana mkono. Dakika kumi na pesa ndogo.

Pili, iwashe ikiwa baridi. Muuzaji akikupasha injini kabla hujafika, rudi siku nyingine bila kumwambia. HEMI hizi zina ugonjwa unaojulikana wa kamshafti na lifta zake kulika, na dalili yake ni tikitiki isiyoisha injini ikishapata moto.

Tatu, angalia matairi ya nyuma yamelika vipi na ndani ya matao ya magurudumu. Vipande vya mpira vilivyoganda mule ndani vinasimulia tafhit zote ambazo mwenyewe hakukusimulia.

Nne, ulizia bima kwanza, gari baadaye. Na nyinyi wa Marekani zaidi: taasisi ya HLDI ilisema kwa modeli za 2020 hadi 2022, Charger Hellcat ilidaiwa kuibiwa zaidi ya mara 60 kuliko gari ya wastani. Kampuni za bima zinasoma hizo ripoti kabla yako.

HUKUMU

Mbio: 9 kwa 10. Moja nimeikata kwa sababu huna pa kuitumia. Kila siku: 7. Ningeandika 5 kabla ya wiki hii. Ina nafasi, ina raha, inabeba familia, na mtu mwenye mshahara mpana na mguu mwepesi ataishi nayo vizuri.

Kwa binamu yangu jibu ni hapana, na nimempa sababu mbili ambazo hazihusiani na kelele wala buti. Ya kwanza iko kwenye karatasi, riyali 299. Ya pili ni kwamba ile ni gari pekee ya nyumba yenye watu watatu. Ikikaa gereji wiki mbili, au ikigongwa, au leseni ikichukuliwa, magoti ya mama yake hayatasubiri.

Lakini sikumwambia anunue Corolla na anyamaze. Ipo Charger ile ile ya V6, lita 3.6, farasi 292. Bodi hiyo hiyo, viti hivyo hivyo, buti hilo hilo, gia nane hizo hizo, na inafika 100 kwa kama sekunde sita na nusu. Tuliyoiona sokoni, ya wakala, ilikuwa riyali 4,900. Mkopo unashuka zaidi ya nusu, petroli inashuka, na bado ukiipaki mbele ya mgahawa washkaji watageuka. Hamu ya kuchoma matairi ina mahali pake Seeb, uwanja wa Oman Automobile Association, penye uzio na watu wa usalama.

Hajajibu bado. Ameomba mpaka mwisho wa mwezi, na mama yake ameahidi kutomsema mpaka hapo. Anasoma safu hii, kwa hivyo: mdogo wangu, salamu, na ile karatasi usiitupe.

Wiki ijayo tunarudi kwenye maikrofoni na mada ni mikopo ya magari: nani alisaini akiwa na miaka 25 na anajutia, nani hajutii. Tuma ujumbe wa sauti, dakika mbili, Kiswahili chako chochote ulicho nacho. Cha kuvunjika kinaruhusiwa.